Mlinda Pampu wa Kinamo

Njia aliyopita Mwanahawa Shemboza kufika nchi ya Ngojeo sitaieleza, maana hata yeye mwenyewe ukimuuliza anasema tu kwamba alichoka na viatu vilimbana. Alifika, hilo ndilo la kushika. Alikuwa mama wa miaka sitini na mmoja, fundi mitambo, aliyemalizia miaka thelathini na mmoja ya umri wake katika kiwanda cha mkonge, na kiwanda kilipofungwa akapewa barua ya shukrani na mfuko wa sukari. Hakuwa mtu wa kushangaa ovyo. Aliyoyaona huko aliyasimulia kwa sauti ile ile ya kusomea ripoti ya zamu, nami nitajitahidi nisiiharibu, ingawa sina uvumilivu wake na mahali pengine nitashindwa kunyamaza.

Ngojeo ina mikoa miwili, na mikoa hiyo haisalimiani. Wa juu, Milimani, wanaishi kwa kalenda. Huko kila mashine imeandikwa ubavuni, kwa rangi nyekundu, tarehe yake ya kufunguliwa, na tarehe ikifika inafunguliwa hata kama inazunguka vizuri kuliko siku iliyonunuliwa. Shemboza alipita kwenye kinu cha kusaga mahindi akawakuta mafundi wanne wamekitawanya chote juu ya turubai. Akaokota beringi moja, akaizungusha kidoleni. Nzima kabisa. Fundi mmoja akaichukua mkononi mwake kwa adabu, akaitupa korongoni, ambako nyingine zisizo na idadi zilikuwa zimelala ziking'aa juani.

"Ina ubaya gani hii?" Shemboza akauliza.

"Haina ubaya, mama. Tarehe imefika."

"Na hiyo mpya mnayoweka, mmeikagua?"

"Tarehe yake ya kukaguliwa bado."

Kinamama waliokuja na madebe yao ya mahindi walikuwa wamekaa kivulini tangu juzi. Kinu kiliporudishwa kilizunguka robo saa kikakwama, kwa sababu katika kukifunga mtu alisahau boliti ndani. Mafundi hawakufadhaika hata kidogo. Waliandika kitabuni kwamba kazi imefanyika kwa tarehe yake, wakahamia kinu kingine. Shemboza alikaa Milimani siku tatu, na siku zote tatu hakula ugali.

Mkoa wa chini ni Kinamo, na huku ndiko kwenye kisa chenyewe. Kinamo ni mji uliojengwa mahali ambapo mimi nisingejenga hata banda la kuku. Ziwa liko juu, mji uko chini, katikati kuna tuta la udongo, na maji hayaachi kujipenyeza chini ya tuta hilo. Yanatolewa na Pampu Kuu, moja tu, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Ikisimama kwa muda wa saa tatu, mtaa wa Shimoni unalowa. Ikisimama siku mbili, Shimoni haipo tena.

Watu wa Kinamo huwacheka wenzao wa juu na kuwaita wendawazimu wa tarehe. Wao wana sheria moja tu: mashine inayozunguka haiguswi. Mlinzi anaruhusiwa kuifuta vumbi na kuilisha grisi, basi. Kuifungua ikiwa hai ni jinai, sawa na kumpasua mtu ambaye hajaugua. Lakini ngoja ivunjike! Hapo mji mzima unasimama. Ngoma zinalia, vitambaa vyeusi vinatundikwa, mashujaa wanakimbia na spana mabegani, wanawake wanapiga vigelegele, na atakayeitengeneza anavishwa nishani ya shaba na mtaa unapewa jina lake. Hata miaka wanaihesabu kwa uharibifu. "Mimi nimezaliwa mwaka wa boila kupasuka," mtu anakuambia kwa fahari, "na mke wangu nilimwoa mwaka wa kreni kuangukia soko." Shemboza alizunguka mitaa yote akitafuta jina la mtu aliyewahi kuzuia kitu kisiharibike. Hakuliona. Angeliona wapi? Mtu huyo hakuna aliyemshuhudia akifanya lolote.

Mwenyeji wake Kinamo alikuwa Mzee Lugome, mlinzi wa Pampu Kuu, mgane mpole mwenye viganja vipana. Binti yake wa pekee, Nyanzige, aliishi Shimoni, chini kabisa kwenye mfereji, na mumewe na mtoto wa miezi mitano. Siku ya pili Lugome alimpeleka mgeni akaione pampu, na kabla hajaanza kuieleza akaona uso wa mgeni umebadilika.

"Kaka, hii inalia hivi tangu lini?"

Lugome alitazama mlangoni kwanza. "Kumbe na wewe umeisikia?"

Shemboza alitoa bisibisi ndefu mkobani, ile aliyostaafu nayo. Ncha akaiweka juu ya nyumba ya beringi, lile kasha la chuma linaloishika, mpini akauegemeza sikioni. Sauti iliyokuja ilikuwa ya mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Akampa mwenyeji wake. Mzee alisikiliza amefumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa na machozi, maana kwa miezi miwili alikuwa akijiambia kwamba ni uzee wa masikio.

"Ina muda gani?" akauliza.

"Wiki tatu. Nne, ikituonea huruma. Ikifa yenyewe haitakufa peke yake, itakata shafti, na shafti itapasua nyumba ya beringi. Mtakaa siku kumi bila pampu. Ukiibadilisha sasa, ni kazi ya saa mbili."

"Siku kumi," akasema Lugome. Alikuwa anatazama dirishani, upande wa Shimoni. Kisha akauliza, "Kwenu mnafungua kila kitu, kama wale wa Milimani?"

"Wapi! Tungekufa njaa. Taa ya choo tunaiacha mpaka iungue, nani apoteze siku yake kuichunguza taa ya choo? Mkanda wa mashine tunaubadilisha kwa miezi, kwa sababu unajulikana unachakaa lini, na ni rahisi. Ila kile ambacho kikisimama watu wanakufa, hicho unakisikiliza kila siku, na kikianza kulalamika hungoji tarehe wala hungoji msiba. Ni akili ya mama yeyote mwenye jiko, kaka. Hutazami kibiriti kwa jicho unalotazamia chungu cha maziwa."

Lugome akasema atalifikisha barazani. Shemboza, aliyekwisha kuyajua mabaraza, hakumkataza.

Baraza la Kinamo huongozwa na mkuu wa mashujaa. Wakati huo alikuwa Balangwe, mtu mkubwa wa umbo, mwenye nishani tisa kifuani, akiinama zinagongana. Alimsikiliza Lugome mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza swali moja.

"Pampu inazunguka au haizunguki?"

"Inazunguka, Shujaa, lakini..."

"Inazunguka. Andikeni."

"Inaumwa, Shujaa. Njooni muisikilize wenyewe, ni mwendo wa dakika kumi."

"Siendi kumjulia hali mtu ambaye hajalala kitandani," akasema Balangwe. "Unamtabiria kifo aliye hai, Lugome. Na mtu anayetabiri kifo kisha kikatokea, unajua kwetu anaitwaje."

Wazee wakaguna. Mjumbe wa Milimani, ambaye alikuwa na kiti pale kwa sababu ya mkataba wa zamani, aliinua mkono akasema kwamba mkoa wake unaunga mkono beringi hiyo kubadilishwa, tena bila kuchelewa, tarehe yake itakapofika, yaani mwezi wa nane. Huo ulikuwa mwezi wa pili. Wakajadiliana asubuhi nzima, kwa heshima kubwa, na sina budi kusema walikuwa watu wasomi. Mwishowe waliamua tahadhari ichukuliwe. Vinunuliwe vitambaa vyeusi gora sita, wapiga ngoma wasisafiri, na nishani kumi na moja zitengenezwe mapema ili mashujaa wasicheleweshwe kuvishwa. Beringi mpya ilikuwepo stoo, imefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta. Hakuna aliyeitaja.

Walipofika nyumbani Lugome akafunga mlango. Kisha akasema, "Keshokutwa ni Siku ya Mashujaa. Mchana mji wote utakuwa uwanjani."

"Nitakushikia spana," akasema Shemboza.

"Sheria yetu haimfungi mgeni, dada. Itanifunga mimi. Nimeshalifikiria hilo."

Na kweli, saa sita mchana wa siku hiyo, watu wakiwa uwanjani wanasikiliza hotuba, wazee wawili waliizima Pampu Kuu. Ukimya ulioingia mle ndani ulimtisha Lugome. Katika maisha yake yote alikuwa ameusikia mara mbili tu, na mara zote mbili walizika watu. Shemboza hakumpa nafasi ya kuogopa. "Shika hapa. Vuta. Taratibu, usiipige." Beringi ilipotoka, waliiona wenyewe: gololi zimechimbika, kizimba kinachozishika kina ufa wa urefu wa kucha. Wakasafisha, wakatia grisi, wakaingiza mpya, wakafunga. Zilikuwa zimebaki dakika kumi kutimia saa mbili za kazi walipoiwasha. Lugome akatia bisibisi sikioni, akasikia mvumo mtupu, laini, hauna punje ya mchanga. Alicheka kwa sauti. Shemboza hakuwa amewahi kumsikia akicheka.

Huko uwanjani, Balangwe alikuwa amenyamaza katikati ya hotuba. Mngurumo ule mji uliuzoea hata hakuna aliyejua kwamba anausikia, mpaka ulipokatika. Kwanza walitazamana, kisha ikawa shangwe. Watu walikimbilia ngoma, vitambaa vyeusi vikafunuliwa, mashujaa wakavaa magwanda yao. Kujipanga kuliwachukua karibu saa mbili nzima, kwa maana kila mmoja alitaka kutangulia. Walipofika kwenye nyumba ya pampu wakipiga ngoma, walikuta inazunguka. Sijui kama umewahi kuona umati ulionyimwa msiba. Walisimama na spana zao, jasho likiwatoka, na hasira iliyowapanda ilikuwa hasira ya kweli. Lugome alikamatwa hapo hapo, mikono yake ikiwa bado na grisi.

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Kasinde, mama mwenye haki. Hilo Shemboza hakuacha kulisema, kwamba yule mama alikuwa na haki. Aliiweka ile beringi mezani, akaizungusha kwa kidole kimoja. Ilizunguka.

"Inazunguka," akasema.

"Mezani, Mheshimiwa," akajibu Lugome. "Hapo haijabeba kitu. Tazama gololi zake. Tazama huo ufa."

"Ufa nauona. Ufa si kuvunjika. Wewe unadai ingevunjika?"

"Ingevunjika, Mheshimiwa. Na Shimoni ingekwenda na maji."

Balangwe akainuka, nishani zikalia. "Basi dai hili lina njia ya kupimwa. Irudishwe mahali pake."

Hakimu alifikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali. "Ni haki. Beringi hii itarudishwa katika pampu. Ikivunjika ndani ya mwaka mmoja, Lugome ataachiwa huru, ataombwa radhi, na atavishwa nishani. Isipovunjika, atafungwa."

Ukumbi ukapiga makofi. Nyanzige, aliyekaa benchi la mbele na mtoto mgongoni, alipiga makofi kuliko wote, masikini, machozi ya furaha yakimtiririka, kwa sababu alichosikia ni kwamba kuna njia ya baba yake kurudi nyumbani.

Lugome alimtazama binti yake akipiga makofi. Kisha akashika ukingo wa kizimba cha washitakiwa kwa viganja vyote viwili.

"Mheshimiwa, nakiri kosa. Beringi ilikuwa nzima. Nilitaka sifa, nikasema uongo."

Makofi yakakatika. Hakimu Kasinde alimkazia macho. "Watu hukiri kwa woga. Mahakama hii haimfungi mtu kwa neno lake mwenyewe tu. Nimeambiwa mgeni wako ni fundi wa miaka mingi. Mgeni, simama."

Shemboza akasimama. Nataka ujue mama huyu ni wa namna gani. Kiwandani kwao, meneja alimpa karatasi atie sahihi kwamba boila ni salama, akakataa. Akakatwa mshahara wa miezi mitatu, akakataa tena. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwa amewahi kukiita kibovu kizima, si kwa bosi, si kwa rafiki. Huo ndio urithi pekee aliotoka nao kiwandani, ukiacha bisibisi.

"Beringi hii," akasema Hakimu, "ilikuwa nzima au mbovu?"

Lugome hakumtazama. Alikuwa anamtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake, mdomo wazi.

"Ilikuwa nzima, Mheshimiwa," akasema Shemboza.

"Una hakika?"

"Ingekaa miaka ishirini."

Sauti haikutetemeka. Mikono akaificha ndani ya khanga. Anasema mpaka leo kwamba akiyakumbuka maneno yale anasikia uchungu mdomoni, uchungu wa kweli, anaamka kwenda kusukutua.

Basi hukumu ikatoka. Kwa kuwa beringi zote mbili ni nzima, hapana haja ya kuirudisha ya zamani. Mpya na ibaki. Na kwa kuwa kosa la Lugome ni kuisingizia ugonjwa mashine nzima, kifungo chake kitadumu kadiri mashine hiyo itakavyoendelea kuthibitisha uzima wake. Kila siku itakayozunguka itakuwa shahidi dhidi yake. Siku itakaposimama ataachiwa siku hiyo hiyo.

Nyanzige alimkuta Shemboza nje, kwenye ngazi za mahakama. Hakumwamkia.

"Baba yangu alikulaza nyumbani kwake," akasema. "Ulikula chakula chake. Walikuwa wanamwachia, mama! Neno moja tu lako, walikuwa wanamwachia!"

"Twende," akasema Shemboza.

"Siendi popote na wewe."

"Twende, mwanangu. Kisha unitukane kadiri utakavyo."

Walikwenda kwenye nyumba ya pampu. Shemboza akaweka ncha ya bisibisi juu ya chuma, mpini akauweka sikioni mwa yule binti, akamwambia, "Hii ndiyo sauti ya kitu kizima. Ishike vizuri." Kisha akatoa mkobani ile beringi ya zamani, ambayo mahakama ilimpa aitupe, akaizungusha karibu na sikio lile lile, akiikandamiza kwa nguvu na kiganja. Ikasaga. Nyanzige akasikiliza moja, akasikiliza nyingine, akarudi kwenye ile ya kwanza. Aliangalia dirishani. Mabati ya Shimoni yalionekana yote, na nguo zilizoanikwa, na yeye alizijua nguo zake.

Alikaa chini sakafuni, akamshusha mtoto mgongoni akamnyonyesha, huku analia bila sauti.

"Baba alijua unachokwenda kusema?"

"Baba yako ndiye aliyetangulia kuusema uongo huo. Mimi nilimfuata."

Mwishowe Nyanzige akajifuta uso kwa upande wa khanga, akauliza, "Sasa nani atailisha grisi?"

Kazi ile hakuna aliyeitaka Kinamo, kazi isiyo na nishani, kwa hiyo baraza halikusita kumpa yeye. Shemboza alikaa naye siku nane akimfundisha. Siku ya tisa aliondoka, na bisibisi akaiacha.

Miaka sita baadaye, mtu wa Kinamo alipita mjini kwao Shemboza kutafuta kamba za mkonge, akaelekezwa kwake kwa sababu ndiye aliyekijua kiwanda. Shemboza akamkaribisha maji, akamuulizia mji. Mji haujambo, akasema yule mtu, ila umepooza, hakuna mashujaa wapya, vijana hawana cha kujivunia. Shemboza akauliza, kama mtu anayeuliza tu, kuhusu yule mlinzi aliyefungwa.

"Lugome? Bado yumo," akasema mgeni. "Miaka sita, na pampu haijasimama hata saa moja. Ushahidi gani tena unautaka? Kinachonishinda ni yule binti yake. Ndiye mlinzi sasa, haondoki pale, anaweka bisibisi sikioni asubuhi na jioni. Kila Ijumaa anampelekea baba yake chakula, na yule mzee haulizi habari za nyumbani. Anauliza, 'Inaliaje?' Binti anasema, 'Inalia vizuri, baba.' Mzee anasema, 'Basi wahi kazini.' Ndiyo mazungumzo yao, wiki zote. Mtu anayempenda baba yake angeiacha ile pampu bila grisi mwezi mmoja tu, mzee akatoka."

"Alhamdulillah," akasema Shemboza.

Mgeni aliweka glasi ya maji chini. "Mama, unamshukuru Mungu mzee wa watu yuko ndani?"

Shemboza alikuwa ameshika uso wake kwa mikono miwili, na mabega yalikuwa yanatikisika, na yule mtu wa Kinamo, asijue amekosea wapi, akaomba aonyeshwe kamba.